Beseni la Nne

Tarehe 3 Machi

Mwalimu Msahihishaji,

Shikamoo. Nakutumia Zoezi la Tatu. Limechelewa siku tisa, najua, na sitaisingizia posta. Nina mtoto wa miaka miwili na kazi ya kutwa, kwa hiyo kijitabu chako cha Jiografia ya Kanda za Dunia nakisoma kwa vipande: ukurasa mmoja nikingoja maji yachemke, nusu ukurasa kwenye foleni ya bomba. Kanda ya kaskazini yote nimeimaliza nikiwa nimesimama.

Nina neno kuhusu Zoezi la Pili. Ulinipa kumi na moja kwa ishirini ukaandika kwa wino mwekundu, "Acha habari za nyumbani kwako. Jibu swali la dunia." Mume wangu alipoona alicheka mpaka akakohoa. "Huyo Bwana Wino Mwekundu anadhani wewe unaishi nje ya dunia?" Nami nauliza hivyo hivyo, ila kwa adabu.

Safari hii swali linasema tueleze eneo tunaloishi linavyoungana na kanda nyingine. Hapo umenipatia pangu. Majibu yangu kamili yako kwenye karatasi za mistari, lakini kwa ufupi ni haya.

Nafanya kazi kwenye yadi ya betri kuukuu. Zinakuja kwa kontena. Wanaume wanazivunja, sisi wanawake tunachambua plastiki huku na madini huku, na mume wangu ni fundi wa tanuri, anayeyusha madini yanatoka kama matofali. Nilikuwa nikizishika betri kama mtu anavyoshika kuni, bila kuuliza mti ulikatwa wapi. Kijitabu ndicho kilichoniharibu. Siku niliyofungua ramani ya ukurasa wa 12 nikaanza kusoma vibandiko vya betri na kufuata kwa kidole, nilishtuka mpaka nikakaa chini. Kwenye meza moja nilikuwa na nchi kumi na nne. Betri moja imeandikwa kwamba inawaka hata kwenye barafu, na jasho langu lilikuwa linadondoka juu ya neno barafu. Kuna mtu huko aliyekwenda kazini miaka minne kwa gari lenye betri hiyo, na hajui kama nipo.

Nimetumia pia kijitabu, usije ukasema sisomi. Ukurasa wa 41: "Urejelezaji wa betri ni mfano mzuri wa kanda zinazosaidiana: kanda tajiri hupata pa kupeleka taka zake, kanda zinazoendelea hupata madini na ajira." Nimeongeza la kwangu, kwamba sisi hatutupi hata makasha. Betri za minara ya simu ni kubwa kama sanduku la nguo. Kasha ukilikata kwa msumeno, ukalisugua kwa mchanga na sabuni, ukaupitisha ukingo motoni ukawa laini, unapata beseni la kuogeshea mtoto lisilopasuka. Pale yadi kila mwanamke akijifungua anapewa lake. Utaratibu huo niliuanzisha mimi nilipomzaa huyu wangu, na mpaka leo mkataji ni mimi. Nimeshakata sita. Binti yangu tunamwita Bi Mkubwa, kwa jinsi anavyotuamrisha. Akishaoga hatoki. Anakaa humo anatafuna ukingo kama panya, huku anamwambia baba yake, "Kaa! Leta!"

Tafadhali usinipe kumi na moja.

Mwanafunzi wako,
0417

*

Tarehe 12 Machi
(Kwa mkono wa kondakta wa basi)

Mwanafunzi 0417,

Barua hii haina alama. Kabla hujasoma mstari wa pili, kama mtoto yuko ndani ya beseni, mtoe.

Nimesahihisha mazoezi ya posta miaka kumi na minane na sijapata kusimama katikati ya zoezi. Lako nilisimama. Madini mnayoyachambua ni risasi, na risasi ni sumu. Kwa mtu mzima ni mbaya, kwa mtoto mdogo ni mbaya mno, maana mwili wake huinyonya kama chakula. Haitoki kwa mchanga wala sabuni. Inabaki kwenye mikwaruzo ya plastiki, na mtoto anayetafuna ukingo anaila.

Fanya haya. Asioge tena humo. Nguo zako za kazini na za mumeo zisivuke mlango, na mnawe kabla ya kumshika. Mpelekeni hospitali kubwa, siyo zahanati, mkaombe damu yake ipimwe madini ya risasi. Mtaje hivyo hivyo.

Je, analalamika tumbo? Anakula? Maneno yake yanaongezeka au yanapungua? Na hayo mabeseni mengine matano yako kwa nani?

Sina simu yako, nina namba yako ya usajili tu. Nijibu siku utakayoipata.

Msahihishaji

*

Tarehe 14 Machi

Mwalimu,

Shikamoo. Majibu ya zoezi bado sijayaona, na ofisi ya tawi wanafungua Jumatano tu. Silaumu. Nakuandikia kwa furaha: Kicheko amejifungua! Kicheko ni mwenzangu wa meza, jina lilimpata mwenyewe, mtu anayeweza kucheka hata akikatwa mshahara. Amepata wa kiume. Juzi nimemkatia beseni la saba, na hilo nimelitengeneza kuliko yote, ukingo unateleza kama sahani. Akasema, "Mwanangu ataoga kama mtoto wa waziri!" Nikamwambia asimzoeshe, yadi haina wizara.

Huku kwangu raha imepungua kidogo. Bi Mkubwa tumbo linamsumbua na choo hapati siku tatu. Chakula anakigeuzia uso. Na zile amri zake zimekatika. Siku hizi ananyoosha kidole tu, anakwambia kwa kidole. Mama mkwe anasema nimechoka mimi, mtoto anaiga. Inawezekana. Mimi mwenyewe jioni nikifika namwita, anakuja mbio anafukia uso kwenye aproni yangu, tunasinzia hapo hapo mlangoni wote wawili.

Nina swali la ukurasa wa 44. Mmeandika kwamba moshi wa viwanda vya kanda moja unaweza kumdhuru mtoto wa kanda nyingine aliye mbali, kwa kuwa upepo hauna mpaka. Hivi ni kweli? Nilishtuka sana. Nilimwonea huruma huyo mtoto.

0417

*

Tarehe 20 Machi

Mwalimu,

Barua yako iliyokuja na basi nimeipata juzi. Nimeisoma mara mbili, ya tatu ikanishinda.

Nikuulize. Ni wewe uliyeniandikia niache habari za nyumbani. Leo umeingia nyumbani kwangu mpaka bafuni! Unamjua mwanangu? Umemshika? Mimi ninayemwogesha nimeambiwa na mtu aliyekaa mezani, na kalamu, kwamba namlisha sumu kwa mkono wangu.

Nilimsomea mume wangu. Hakucheka. "Miaka sita natia moto tanuri lile," akasema, "mbona sijafa? Mwambie mwalimu wako asiyejua kazi asiisemee." Nikamwambia, "Lakini tumbo la mtoto." Akasema, "Watoto wote wana matumbo." Kisha akaenda kulala bila kula, na yeye si mtu wa kuacha chakula.

Na kijitabu je? Ukurasa wa 41 kinasifu. Nimekisoma tena, neno kwa neno, hakuna sumu. Mmoja wenu ni mwongo, au wewe au kijitabu. Nani aliyeandika ukurasa ule? Nitajie nimwandikie yeye, pengine anajua zaidi yako.

Beseni nimelitoa nje. Nimelitoa kwa hofu tu, usidhani ni kwa kukuamini.

0417

*

Tarehe 25 Machi

Mama,

Umeuliza nani aliandika ukurasa wa 41. Ni mimi.

Niliuandika miaka tisa iliyopita, mezani kama ulivyosema, kwa kunakili taarifa ya chama cha wafanyabiashara wa betri. Ilikuwa na picha nzuri. Yadi sijawahi kuiona. Madhara ya risasi nilikuja kuyasoma baadaye, nikajiambia nitaurekebisha ukurasa kijitabu kitakapochapwa upya. Kimechapwa mara mbili. Kila mara palikuwa na haraka ya jambo jingine. Hadi barua yako, ule ukurasa kwangu ulikuwa ukurasa tu.

Kwa hiyo usiniamini, una haki. Iamini damu ya mtoto. Barua yako ya tarehe 14 imenifikia jana, nayo inasema tumbo, choo, chakula na maneno. Ndiyo yale niliyokuuliza, na uliyataja kabla hujasoma maswali yangu.

Mumeo naye apimwe. Kicheko aambiwe leo.

Msahihishaji

*

Tarehe 8 Aprili

Mwalimu,

Tulikwenda. Siku kumi na mbili nilikuwa na hasira na wewe, ya kumi na tatu Bi Mkubwa alianguka akiwa anatembea tu, sakafuni pasipo na kitu. Nikambeba kama alivyo.

Hospitali kubwa mhudumu wa dirishani alituuliza, "Nani amewaambia mnataka kipimo hicho?" Nikasema, mwalimu wa jiografia. Akaita mwenzake aje kunisikiliza. Nikarudia mbele ya wote wawili, mwalimu wa jiografia, na sitoki hapa. Damu ikachukuliwa.

Majibu yalikuja baada ya siku nne. Daktari ni mama wa makamo, anaongea polepole. Akasema, "Sisi huanza kuwa na wasiwasi ikifika tano. Mtoto wako ana arobaini na nane." Nilidhani amesoma vibaya. Nikamwambia, "Daktari, labda umeruka nukta. Nne nukta nane." Akanigeuzia karatasi nisome mwenyewe. Nukta haikuwepo.

Mume wangu aliinuka. Alitoka nje akanawa mikono bombani. Akarudi, akakaa, akatoka tena akanawa. Mara ya tatu mlinzi akamwambia, "Baba, maji ni ya wote." Akarudi na mikono inachuruzika, hakuifuta popote, akaishikilia mbali na mtoto, hivi, kama mikono ya mtu mwingine.

Wametulaza. Anapewa dawa ya kuivuta sumu itoke kwa mkojo. Daktari anasema iliyoko kwenye damu watapunguza, lakini maneno yaliyopotea hawezi kuyaahidi. "Huenda yakarudi, huenda mengine yasirudi. Utaongea naye kila siku." Nikamuuliza, "Niongee nini?" Akasema, "Chochote, mama." Basi namsomea majina ya milima kwenye kijitabu, sina kingine mkobani.

Mwalimu, niliyesugua ni mimi. Niliyepitisha ukingo motoni ukawa laini ili usimkwaruze mdomo ni mimi. Nimewapa wenzangu kwa mikono miwili, wakanishukuru, wengine walinibusu. Nitawaambia nini?

Mama Bi Mkubwa

*

Tarehe 11 Aprili

Binti yangu,

Marahaba ya zile shikamoo zote ambazo sikuwahi kuziitikia.

Utawaambia ulivyoniambia mimi: arobaini na nane, na nukta haikuwepo. Usingoje upate maneno mazuri. Mimi nilingoja nafasi nzuri miaka tisa.

Ukitaka jambo lolote kutoka kwangu, liseme.

Msahihishaji

*

Tarehe 26 Aprili

Mwalimu,

Shikamoo. Tumetoka hospitali, tutarudi kila baada ya wiki mbili. Nimepanga chumba kwa mama mkwe, mbali na vumbi la yadi. Kazi nimeacha. Msimamizi aliniambia, "Umesoma posta wiki mbili umekuwa daktari?" Nikamwambia hapana, nimekuwa mwanafunzi. Mume wangu amehamishiwa getini, baada ya yeye mwenyewe kukataa tanuri. Damu yake ni sitini na moja.

Nimekwenda kwa wenye mabeseni, mlango kwa mlango. Mficha uchi hazai, na mimi nimeshazaa, kwa hiyo nilisema yote. Wawili walinisikiliza, wakafunga watoto mgongoni wakaenda hospitali siku hiyo hiyo. Mmoja alisema nina wivu kwa kuwa mwanawe ameanza kuongea na wangu ameacha. Hilo lilinichoma, nikakaa ngazini kwake mpaka likapoa, kisha nikabisha tena. Amekwenda wiki hii. Mwanawe ana thelathini na tatu.

Kicheko hakucheka. Alinipa mtoto nimshike, akachukua shoka, akalipasua beseni vipande uani. Akavitia kwenye gunia akafunga. Kisha akaniambia, "Nirudishie mwanangu. Na usije mpaka nikuite." Mtoto wake ana saba. Mwezi mmoja tu wa kuoga, saba. Hajaniita.

Sasa hesabu. Langu, la Kicheko, ya hao watatu, na moja lililoungua moto zamani, mtoto aliyeoga humo kapimwa. Hayo ni sita. Nimekata saba.

La nne nilimpa binti aliyekuja kwetu kibarua miezi mitatu. Tulimwita Mgeni. Alijifungua mtoto wa kike, akakaa kidogo, akaondoka kwa ndugu zake na beseni kichwani likiwa limejaa nguo za mtoto. Nilimsindikiza mpaka stendi nikampungia mkono! Yadi hawana anwani yake. Jina lake kamili halijui mtu, maana vibarua wanaandikwa namba. Mtoto sasa ana mwaka na nusu.

Nimeshangaa mpaka kichwa kinauma, Mwalimu. Betri ile ya barafu, nikifumba macho, naiona: kibandiko cha bluu, nchi ya upande wa pili wa ramani, mwezi ilipotengenezwa, bandari ilipopitia. Kila kituo kimeandikwa. Lakini msichana aliyekaa na mimi meza moja, na mtoto wake, dunia nzima haina karatasi inayosema wako wapi.

Ulisema niseme ninalotaka. Una wanafunzi wa posta kila wilaya. Uwatangazie. Usiandike kwa lugha ya kijitabu, andika hivi: "Atakayemwona mama kijana mwenye mtoto wa kike na beseni jeusi zito la kasha la betri, ukingo wake laini umepitishwa motoni, amwambie asimwogeshe tena humo, ampeleke mtoto hospitali kubwa damu ipimwe risasi, halafu amwandikie Mwanafunzi 0417."

Mama Bi Mkubwa

*

Tarehe 30 Mei

Dada 0417,

Habari za huko. Hatujuani. Mimi ni Mwanafunzi 0932, kazi yangu ni fundi cherehani. Kijitabu kipya cha Jiografia, chenye maswali ya Zoezi la Nne, kimenifikia, na tangazo lako limebandikwa ukurasa wa kwanza kabla ya maswali. Ukurasa wa 41 umefutwa wote kwa wino mwekundu, kwa mkono. Nimeuliza wenzangu wa tawi hili, vya kwao pia vimefutwa kwa mkono, kimoja kimoja.

Beseni nimeliona. Ni kwa jirani yangu wa mlango wa tatu. Nilifurahi nikataka kukupelekea habari mbio, lakini nikaliangalia vizuri. Ukingo wake haukupitishwa motoni, umekatwa kwa msumeno ukaachwa na meno. Na mtoto ni wa kiume, miezi saba. Siye Mgeni wako. Nikaulizia, nikaambiwa yako mengine matatu mtaa huu. Kuna mtu anayakata na kuyauza sokoni, wala hajawahi kukusikia wewe.

Nimepita mlango wa huyo mama mara tatu na tangazo mfukoni. Nashindwa. Yeye humwogesha mtoto hapo nje na kumwimbia. Mimi ni mwanamume, sina mke, nitaanzia wapi? Na kwa kuwa siye unayemtafuta, nimeona nikuulize kwanza. Niache?

0932

*

Tarehe 6 Juni

Kaka 0932,

Siye. Mwambie.

Nenda asubuhi, kabla hajateka maji ya kuogea. Tangazo liache nyumbani, mtu hasomewi jambo hili. Ukifika usisimame mlangoni kama mtu wa kudai, omba kigoda ukae. Uliza mtoto anaendeleaje, usubiri majibu yote, hata akianza na mafua. Muulize kuhusu tumbo. Muulize kama anamwitikia akimwita. Ndipo useme kuhusu beseni, kwa ufupi, mara moja, na neno sumu ulitaje. Usilizungushe. Mimi nililizungusha kwa mama wa kwanza, akadhani nataka kulinunua.

Mwambie hakukosea kumwogesha. Sema hivyo hata kama hajauliza, kwa sababu hatauliza.

Atakwambia wewe ni fundi cherehani, unajua nini. Mwambie kuna mama ambaye binti yake alikuwa na arobaini na nane, leo ana ishirini na sita, na wiki iliyopita alisema neno moja, "maji", halafu hajasema tena. Mwambie huyo mama ndiye aliyekutuma, na beseni alilikata mwenyewe. Mimi sina aibu iliyobaki, habari yangu itumie.

Ukimaliza kwake, nenda kwa wale watatu. Kisha nenda sokoni kwa anayeyauza, ila usiende peke yako, na usiende na hasira. Huenda naye ana mtoto anayemwogesha humo. Mgeni nitaendelea kumtafuta, Mwalimu ametuma matangazo mengine mia mbili.

Huyo mama atakufukuza. Mimi mwenyewe nilimfukuza aliyeniambia, nikakasirika siku kumi na mbili, na hizo siku kumi na mbili hospitali hawana dawa yake. Kwa hiyo yeye mpe siku moja tu ya kukukasirikia. Ya pili rudi, mbebe mtoto wewe, uanze kutembea kuelekea hospitali. Atakupigia kelele njia nzima. Wewe tembea, atakufuata.

Dada yako,
0417